Akriliki Isibanduke: Mwongozo wa Kuishikamanisha na Fremu ya Chuma

Chukua meno bandia ya fremu ya chuma yaliyovaliwa miaka miwili. Pitisha ukucha pale akriliki ya waridi inapokutana na chuma. Mara nyingi ukucha utakwama kidogo. Utaona mstari mweusi ambao mswaki hauutoi, na ukiyasogeza puani utasikia harufu. Ukibonyeza akriliki kwa kidole gumba, majimaji hutokeza kwenye mstari ule. Akriliki na chuma vimeachana, na mate yenye vijidudu yamepata pa kukaa.

Mvaaji wa meno hayo hajui lolote kuhusu resini. Anachojua ni kwamba alilipa fedha nyingi kuliko jirani yake aliyevaa meno ya akriliki tupu, na sasa anaona haya kucheka karibu na watu. Kazi ya kuunganisha vitu hivi viwili huchukua muda mfupi tu mezani pa fundi, lakini naiona kuwa ni deni letu kwa mtu huyo.

Mwongozo huu ni wa fundi wa maabara ya meno, mwanafunzi wake, na daktari wa meno anayepokea kazi kutoka maabara na anataka kujua aulize nini. Unahusu zaidi aloi ya kobalti na kromiamu, maana ndiyo inayomiminwa zaidi kwa fremu za namna hii. Aloi nyingine zina sehemu yao mbele.

Kwa nini vinaachana

Akriliki tunayoitumia, polimethili methakrileti, ilianza kutengenezewa meno bandia katika nusu ya pili ya miaka ya 1930. Aloi za kobalti na kromiamu zilikuwa zimetangulia kwa miaka michache. Kwa karibu miongo minne viliwekwa pamoja kwa nguvu ya umbo tu: akriliki ilipita kwenye matundu ya wavu wa chuma, ikagandia upande wa pili, ikabaki pale. Ilishikwa, lakini haikunata. Na kushikwa bila kunata kuna maadui watatu.

*Joto.* Kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, akriliki hutanuka takriban sehemu 80 katika milioni, ilhali kobalti-kromiamu hutanuka takriban sehemu 14. Yaani akriliki hucheza zaidi ya mara tano ya chuma kilicho ndani yake. Kila kikombe cha chai ya moto kinachofuatiwa na maji baridi hukivuta kiungo huku na huku, na mtu hunywa chai kila siku.

*Kunywea.* Monoma peke yake ikigeuka kuwa plastiki hupungua ujazo kwa takriban asilimia 21. Tukichanganya unga sehemu tatu na monoma sehemu moja, upungufu hushuka hadi karibu asilimia 7, ambao bado ni mwingi. Akriliki ambayo haikunata kwenye chuma hujivuta ikaacha uwazi. Kwa hiyo ufa huweza kuanza humo humo ndani ya flaski, kabla mgonjwa hajayaona meno yake.

*Maji.* Akriliki hunyonya maji polepole, na mate hufuata mpaka wa chuma na akriliki kwa urahisi zaidi. Yakiingia, huingia pamoja na bakteria, fangasi wa Candida, na rangi ya chai, kahawa au tambuu. Mswaki haufiki humo.

Primeri hufanya nini

Kromiamu iliyomo kwenye aloi, ikikutana na hewa, hujifunika utando mwembamba sana wa oksidi. Utando huo ndio unaozuia kutu, na ndio tunaoushika. Molekuli ya primeri, kimiminika kinachopakwa kwenye chuma kabla ya akriliki, ina ncha mbili. Ncha ya kwanza ina asili ya tindikali na hung'ang'ania oksidi. Ncha ya pili ni ya ukoo mmoja na monoma ya akriliki, nayo huungana na akriliki inapoiva. Wajapani ndio waliotangulia katika jambo hili: molekuli iitwayo 4-META ilitoka kwenye utafiti wao mwishoni mwa miaka ya 1970, na MDP, yenye ncha ya fosfeti, ikaingia sokoni kupitia kampuni ya Kuraray mwanzoni mwa miaka ya 1980. Soma kibandiko cha chupa ya primeri ya chuma leo, na mara nyingi utakuta jina mojawapo kati ya hayo au la molekuli inayofanana nazo.

Wapo mafundi wanaoiona primeri kuwa anasa ya maabara kubwa, na wapo wanaoipaka juu ya chuma chochote wakiamini itafuta makosa yote. Hawa wa pili wananitia wasiwasi zaidi. Primeri hunata kwenye kile inachokigusa. Ikigusa mafuta ya kidole, itanata kwenye mafuta ya kidole. Ikigusa utando wa nta, itanata kwenye nta, na nta haijanata kwenye kitu. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu usafi, na primeri yenyewe imepewa hatua moja tu.

Kazi huanza kwenye nta ya fremu

Kabla ya kumimina chuma, kagua mambo manne kwenye nta. Yakikosewa hapa hayarekebishiki baadaye bila kumimina upya.

1. Nafasi chini ya wavu. Wavu usilale juu ya ufizi. Weka nta ya kuinulia kwenye modeli, ya unene wa takriban nusu milimita hadi milimita moja, ili akriliki ipite chini na kuuzunguka wavu wote. Mwishoni mwa wavu, kwenye taya lenye pengo lisilo na jino nyuma, acha kituo kidogo cha chuma kinachogusa modeli. Bila kituo hicho wavu hupinda unapofunga flaski kwa presi.

2. Matundu makubwa. Wavu wenye vitundu vidogo huonekana imara, kumbe unga uliokwisha kuwa donge haupiti vizuri. Umbo la ngazi lenye nafasi kubwa hushika zaidi. Ikiwa umechagua sahani nzima ya chuma isiyo na matundu, weka shanga ndogo za kushikia juu yake.

3. Mistari ya kumalizia. Pale akriliki inapokoma lazima pawe na ukingo mkali wa chuma, wenye kona ndogo kuliko nyuzi 90, ili akriliki iingie chini ya ukingo kidogo na ibaki na unene. Akriliki iliyomaliziwa kwa kuchongwa hadi kuwa nyembamba kama karatasi juu ya chuma laini itainuka tu, hata ukiipaka primeri ya bei gani.

4. Mistari isikutane. Mstari wa nje na mstari wa ndani, ule unaoelekea ufizi, upishane. Ukiuweka mmoja juu ya mwingine, chuma hubaki chembamba mahali pamoja, na fremu hukatikia hapo.

> KISANDUKU: Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza
>
> ☐ Mashine ya kupulizia chembe, na oksidi ya alumini safi ya mikroni 50 (110 nayo inafaa)
> ☐ Hewa ya kompresa isiyo na maji wala mafuta
> ☐ Maji yaliyochujwa au spiriti safi, asetoni kidogo
> ☐ Brashi ndogo mpya, au vijiti vya kupakia vya kutumia mara moja
> ☐ Primeri inayolingana na aloi yako, ambayo muda wake haujaisha
> ☐ Akriliki ya kufunikia weusi wa chuma, ukiweza kuipata
> ☐ Koleo safi ya kushikia fremu
> ☐ Glavu za nitrili, barakoa ya vumbi, miwani, na dirisha linalofunguka

Kompresa ya Pwani

Niongeze neno kuhusu hewa, kwa sababu ni kosa lisiloonekana. Dar es Salaam, Mombasa, Unguja na popote penye unyevunyevu, tangi la kompresa hujikusanyia maji kila siku. Kompresa ya zamani hutoa na mafuta pia. Unapulizia chembe safi juu ya chuma, halafu unakikausha kwa hewa inayonyunyiza mafuta. Fungua koki ya chini ya tangi kila asubuhi maji yatoke. Kisha pulizia hewa kwenye kipande cha kioo safi kwa sekunde chache, ukitazame dhidi ya mwanga. Ukiona matone au ukungu wenye mafuta, tafuta kichujio cha hewa kabla ya kununua primeri.

Hatua kwa hatua: fremu mpya na akriliki ya kupikwa

1. Maliza fremu kwanza. Kata, kwangua, ng'arisha, na uhakikishe inakaa kwenye modeli na, ikiwezekana, mdomoni mwa mgonjwa. Kung'arisha baada ya kupulizia chembe hurudisha mafuta na sabuni ya kung'arishia pale ulipopasafisha.

2. Funika yasiyohusika. Kulabu na sehemu zilizong'arishwa zizibe kwa nta au utepe. Acha wazi wavu, pande zote mbili, na kona za mistari ya kumalizia.

3. Pulizia chembe. Tumia presha ya bar 2 hadi 4, ncha ikiwa umbali wa takriban milimita 10, ukiisogeza bila kuituliza mahali pamoja. Endelea hadi chuma kiwe na rangi ya kijivu isiyong'aa, sawasawa kote. Usitumie chembe zilizokwisha kutumika kuondolea mabaki ya ukungu wa kumiminia. Zimebeba uchafu, na zitaukandamiza ndani ya chuma.

4. Osha. Ukiwa na mashine ya kuoshea kwa mawimbi ya sauti, weka fremu kwenye maji yaliyochujwa kwa dakika 5 hadi 10. Ukipenda spiriti, itie kwenye chombo kidogo chenye kifuniko kinachokaa ndani ya maji ya mashine. Usijaze mashine yenyewe kwa spiriti wala asetoni, zinashika moto. Kuanzia hapa fremu ishikwe kwa koleo.

5. Panga meno kwa nta, weka kwenye flaski, mimina plasta kama kawaida yako.

6. Toa nta, kisha itoe tena. Pasha flaski moto, fungua, ondoa nta iliyolainika, halafu mwagia maji yanayochemka yenye sabuni ya maji, na mwisho maji mengine safi yanayochemka. Maji ya mwisho yasiwe yale uliyoyatumia kwa flaski tano zilizotangulia. Yana utando wa nta juu yake, na utando huo utashuka kwenye wavu wako. Hapa ndipo viungo vingi huharibikia.

7. Safisha wavu ukiwa ndani ya flaski. Sugua kwa brashi ndogo na sabuni, juu na chini ya wavu, suuza kwa maji yanayochemka au kifaa cha mvuke, kausha. Ukiwa na kalamu ya kupulizia chembe, rudia kupulizia kwa muda mfupi kwenye chuma tu, ukiwa umekinga modeli, kisha ondoa vumbi lote. Pulizio hili la pili lina faida kubwa kwa sababu lile la kwanza limekwisha kupitia nta.

8. Paka kitenganishi kwenye plasta pekee. Alginati ya sodiamu ndiyo adui wa karibu kuliko wote: iko mezani, iko kwenye brashi, na kazi yake ni kuzuia vitu visishikane. Ipake plasta ingali na joto kidogo, kwa brashi ndogo, mbali na wavu. Ikidondokea chuma, ifute kwa maji ya moto, kisha asetoni kidogo kwenye kijiti. Acha ikauke.

9. Paka primeri. Sasa tu. Chukua brashi mpya, paka tabaka moja jembamba juu na chini ya wavu na kwenye kona za mistari. Acha ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye karatasi ya mtengenezaji. Tabaka nene hudhoofisha kiungo. Funga chupa mara moja, kwani kimiminika kinachobeba dawa huruka upesi na unyevu wa hewa huharibu molekuli zenyewe.

10. Funika weusi, ikihitajika. Akriliki ya rangi nzito ya waridi huzuia kijivu cha chuma kisionekane kupitia ufizi wa bandia. Iwe tabaka jembamba.

11. Jaza akriliki ikiwa imefikia hali ya donge, inapoacha kunata kwenye kuta za chombo. Anza kwa kusukuma donge chini na kati ya matundu ya wavu kwa kidole kilichovikwa nailoni safi. Katika kufunga flaski kwa majaribio, karatasi ya nailoni ikae upande wa meno, ili ukifungua akriliki isinyanyuke kwenye wavu. Usipake monoma juu ya chuma kilichopakwa primeri, utaisafisha.

12. Pika taratibu. Njia mbili zinazoaminika: nyuzi 74 za Selsiasi kwa saa 8 au zaidi, au nyuzi 74 kwa saa 2 kisha maji yachemke kwa saa 1. Monoma huchemka kwa takriban nyuzi 100.8, ukikimbilia maji yanayochemka tangu mwanzo, sehemu nene hujaa vitundu.

13. Poza taratibu zaidi. Toa flaski, iache mezani angalau nusu saa, ndipo uitie maji ya kawaida kwa robo saa. Flaski iliyotumbukizwa kwenye maji baridi ikitoka jikoni hulazimisha akriliki inywee ghafla dhidi ya chuma ambacho hakinywei kwa kiasi hicho. Umepoteza kwa dakika moja kiungo ulichokijenga asubuhi nzima.

14. Kata na ung'arishe bila kuchoma. Kwenye mpaka wa chuma na akriliki, kichongeo kitembee sambamba na mstari, kisiuvuke kutoka akriliki kwenda chuma. Gusa, ondoa, gusa tena. Ukikishika chuma na kikakuunguza kidole, akriliki iliyo jirani nacho imeungua. Unga wa kung'arishia uwe umelowa maji.

15. Hifadhi kwenye maji hadi siku ya kumkabidhi mgonjwa.

Umeme ukikatika flaski ikiwa jikoni, usiifungue. Iache kwenye maji yale yale, na umeme ukirudi kamilisha kupika pamoja na ile saa ya kuchemka. Maabara nyingine huwa na jiko la gesi na kipimajoto pembeni kwa ajili hiyo, na ni busara.

> KISANDUKU: Afya ya fundi
>
> Usipulizie mchanga wa mto wala wa pwani. Vumbi lake lina silika, na silika huharibu mapafu yasirudi kuwa yalivyokuwa. Oksidi ya alumini ni ghali kuliko mchanga, lakini hakuna bei ya pafu. Hata nayo, pulizia ndani ya kabati lililofungwa lenye kifyonza vumbi.
>
> Monoma hushika moto. Mvuke wake huweza kuwaka hata kwenye nyuzi 10 za Selsiasi, kwa hiyo katika hali ya hewa yetu iko tayari kuwaka saa zote. Isikae meza moja na jiko la nta.
>
> Glavu za mpira wa kawaida hazizuii monoma; hupita ikafika ngozini. Za nitrili huchelewesha tu, hivyo zibadilishe zikilowa. Usikande donge kwa mkono mtupu. Mafundi wengi wenye vidole vilivyopasuka walianzia hapo.
>
> Jua kilichomo kwenye aloi. Baadhi ya aloi za nikeli na kromiamu zina berili, ambayo vumbi lake ni hatari sana. Ikiwa muuzaji hawezi kukuonyesha karatasi ya viambato, usinunue.

Aloi nyingine

*Nikeli na kromiamu.* Ina kromiamu, ina oksidi, kwa hiyo primeri za tindikali hufanya kazi na hatua ni zile zile. Muulize daktari kama mgonjwa hupata muwasho akivaa hereni au saa za bei nafuu. Huenda ana mzio wa nikeli.

*Titani.* Hujifunika oksidi upesi, na primeri yenye MDP huishika vizuri. Pulizia kwa presha ndogo, maana ni laini kuliko kobalti-kromiamu na sehemu nyembamba huumia.

*Dhahabu na aloi zake.* Dhahabu haitengenezi oksidi, hivyo tindikali haina cha kushika. Hapa inahitajika primeri yenye salfa. Zipo chupa zinazobeba aina zote mbili, ya salfa na ya fosfeti, nazo hufaa kwa maabara inayopokea kazi za aina nyingi.

*Waya wa chuma cha pua.* Fremu za kumimina huzungumzwa sana, lakini kwenye vituo vingi vya Afrika Mashariki kinachotengenezwa zaidi ni akriliki yenye kulabu za waya. Kunja mkia wa waya uliomo ndani ya akriliki uwe na kona au kitanzi, upulizie chembe, uupake primeri. Ni kazi ndogo, na kulabu zilizolegea ndizo zinazorudisha wagonjwa wengi.

Kukarabati palipobanduka

Kwanza tafuta sababu. Fremu iliyoacha kukaa vizuri kwa sababu ufizi umeshuka itaendelea kuvunja akriliki kila utakapoiziba, na huyo mgonjwa anahitaji kazi ya daktari kabla ya yako. Ikiwa fremu inakaa, fuata hatua hizi:

1. Chukua alama ya mdomo meno yakiwa yamevaliwa, ili upate modeli inayoonyesha mahali pake.
2. Chonga akriliki kuvuka mstari mweusi hadi ufikie mahali ambapo bado imeshika. Usiichome kwa moto: moshi wake ni sumu, na masizi hubaki kwenye matundu.
3. Osha, kausha kabisa. Meno yaliyovaliwa yamenyonya maji, yaache yakauke kabla ya kuendelea.
4. Pulizia chembe kwenye chuma kilichofunuliwa. Paka primeri kwenye chuma pekee.
5. Kingo za akriliki ya zamani zichonge mshazari, kisha zilowanishe kwa monoma kwa takriban dakika 3, ukiangalia isitiririke kwenye chuma.
6. Weka akriliki ya kujigandia, tia kwenye chungu cha presha chenye maji ya uvuguvugu wa nyuzi 45 hivi, kwa bar 2 na kwa muda aliouandika mtengenezaji.

> KISANDUKU: Dalili na chanzo chake
>
> *Mstari mweupe mara tu ukitoa kwenye flaski* — umepoza ghafla, au kitenganishi kimegusa chuma.
> *Akriliki inatoka kipande kizima, chuma kinang'aa safi* — nta au mafuta. Au haikupuliziwa chembe.
> *Ukingo unainuka, katikati pameshika* — mstari wa kumalizia haupo, au umechoma wakati wa kung'arisha.
> *Vitundu karibu na chuma* — umepika haraka, au donge halikutosha.
> *Kijivu kinaonekana kupitia waridi* — akriliki nyembamba juu ya wavu. Hakuna tabaka la kufunika.

Jipime mwenyewe

Kiwango cha kimataifa ISO 10477, kinachohusu resini za kufunikia chuma cha kazi za meno, kinataka kiungo kistahimili angalau megapaskali 5, sawa na karibu nusu kilo ya nguvu kwa kila milimita ya mraba. Mashine ya kupimia hilo hutakuwa nayo, lakini unaweza kulinganisha njia zako kwa mabaki ya chuma yaliyo kwenye droo.

Chukua vipande vitatu bapa vya aloi ile ile. Cha kwanza king'arishe tu. Cha pili pulizia chembe. Cha tatu pulizia chembe, kisha paka primeri. Gandisha juu ya kila kimoja kidonge cha akriliki, vyote vya ukubwa mmoja, uvipike pamoja na kazi ya siku hiyo. Viloweke kwenye maji kwa wiki moja, na kila siku uvihamishe mara nyingi uwezavyo kati ya maji ya barafu na maji ya moto ya nyuzi 55 hivi, ukiviacha nusu dakika kila upande. Halafu jaribu kuving'oa kwa kisu kigumu, ukiwa umevaa miwani.

Tazama uso wa chuma baada ya kung'oa. Chuma kikibaki kitupu, kiungo ndicho kilichoshindwa. Akriliki ikivunjika yenyewe na kuacha mabaki yaliyong'ang'ania chuma, kiungo kimekuwa na nguvu kuliko akriliki, na hapo ndipo unapotaka kufika. Rudia jaribio kila ufunguapo chupa mpya ya primeri, na kila mwanafunzi mpya anapoanza kazi. Vidole vyake vitajifunza usafi upesi zaidi kwa kuona kipande chake kikianguka.

Ya kumwambia mvaaji, na ya kuandika

Mgonjwa apewe maneno machache na daktari, au na wewe ukikabidhi kazi. Asiyaloweke meno yenye chuma kwenye Jik wala dawa nyingine ya klorini, kwa kuwa hula chuma na kuchubua rangi. Asiyamwagie maji yanayochemka. Ayasugue kwa mswaki laini na sabuni ya kawaida kila usiku, hasa kwenye mpaka wa waridi na chuma, ayaweke kwenye maji safi akilala, na asiyang'oe kwa kuvuta ukingo wa akriliki. Avute kwa kulabu za pande zote mbili. Aonwe na daktari angalau mara moja kwa mwaka, hata kama hana maumivu.

Wewe nawe, kwenye karatasi ya kazi inayobaki maabara na nakala inayokwenda kwa daktari, andika jina la aloi, jina la primeri na namba ya chupa, aina ya akriliki, na tarehe. Atakayekarabati meno hayo miaka mitano ijayo huenda yuko mji mwingine, na bila karatasi hiyo hatajua kama anashughulika na oksidi ya kromiamu au na dhahabu.